Aliyekaa Nyuma ya Severa

Jumanne saa nne asubuhi, Severa alikuwa akichapa barua ya maombi ya kazi katika steshenari yake Kariakoo alipoona kuna mzee amekaa nyuma yake, kwenye stuli ya plastiki. Feni ilipeperusha karatasi zote za mezani, ila shati la mzee halikutikisika. Mapajani alikuwa na vipande vya karatasi, na kila kipande kilikuwa na maneno ambayo Severa aliwahi kuyanakili au kuyakata kwenye kompyuta.

Alimpa shikamoo. Mzee hakuitika, kwa kuwa alikuwa na maneno yale tu aliyopewa.

Severa alimwita Pantaleo, fundi wa kompyuta. Pantaleo alimtazama mzee, kisha akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi kimyakimya ndani ya mashine.

"Huyu ni mtunza nakala," alisema. "Ukikopi kitu au ukikata, yeye anakiweka."

"Ni salama?"

"Kwanza tujue nani kamleta, halafu kama anatoka nje."

Alichomeka waya wa intaneti, akasubiri mpaka chai yake ikapoa. Mzee hakuinuka.

"Kaja na mashine yenyewe, na hatumi kitu nje. Ila pasiwedi za watu usikopi, maana anakaa nazo. Nimfute?"

Severa alikuwa na foleni ya wateja. Alisema amwache.

Alhamisi alikuja Zamzam, mjane wa marehemu Anuari wa Magomeni, kutoa kopi ya kitambulisho. Mzee alimgeukia, akachomoa kipande kutoka chini kabisa ya vile vya mapajani, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Kikao kimemteua mjane, Zamzam binti Mudi, kuwa msimamizi wa mirathi. Wote wameridhia."

Severa aliona aibu, na alistahili kuiona. Wiki tatu nyuma ndiye aliyechapa muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa mahakamani. Kama wachapaji wote hakuanza upya. Alichukua muhtasari wa ukoo mwingine akabadili majina. Wanandugu walitia saini, na saini zote zilikuwa ukurasa wa pili. Jioni yake Uledi, mdogo wa marehemu, alirudi peke yake.

"Dada, hapo kwenye Zamzam niweke mimi. Tumeshaelewana nyumbani."

Severa hakuuliza. Alikata maneno yote ya uteuzi, akabandika mengine yenye jina la Uledi, akachapa upya ukurasa wa kwanza tu. Zamzam alipoambiwa aondoe vyombo vyake kwenye nyumba ya marehemu, alidhani ukoo mzima umemgeuka.

"Soma tena, baba," Zamzam alisema.

Mzee alisoma tena. Zamzam alilia kidogo, akafuta uso kwa ncha ya khanga.

"Kumbe hawakunikataa," alisema.

Severa alimchapia kile kipande bila malipo, na Zamzam akakipeleka mahakamani. Karani alikisoma chote. Alimwambia kwamba muhuri umeshagongwa kwenye muhtasari ule mwingine, na mzee wa ndani ya kompyuta hana kitambulisho, hivyo hawezi kuitwa shahidi. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, akaita mwingine.

Tangu hapo Zamzam huja kila Alhamisi kutoka chumba alichopanga, hukaa kwenye benchi la wateja na kusomewa. Wateja wengine husogeza miguu apite. Wapo wanaolalamika kwamba upande ule anaokaa mzee una baridi.

Alhamisi iliyopita Uledi aliingia. Alitaka hati ya mauziano ya nyumba ya Magomeni.

"Shemeji, hujambo?" alimwambia Zamzam.

"Sijambo."

Severa alihitaji namba ya kiwanja. Mzee alimpa, kwa kuwa alikuwa nayo tangu ule muhtasari, na kipande kilikuwa cha baridi mkononi. Severa akabandika. Kisha mzee akasoma, kama kila Alhamisi, jina la mjane na kwamba wote wameridhia.

Uledi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaomba nakala tatu za hati yake. Severa akawasha printa.