Kikohozi cha Dawa

Asubuhi ya kupimwa afya, Mwaija alisimama kwenye foleni ya wavuna mananasi akitafuna karafuu. Aliambiwa hutuliza koo. Haikutuliza kitu. Kikohozi kilikuwa palepale, kikavu, kinamtekenya, naye akakibana mpaka machozi yakamlengalenga.

Mwenye presha hapewi mkataba, asije akaangukia shambani. Anayekohoa naye haendi mbali, asije akawaambukiza wenzake kifua kikuu. Kampuni inapenda afya sana, ila ya watu ambao tayari wanayo. Na bila mkataba hakuna chumba cha kambini. Kwao Zinga kiwanja kilishauzwa. Yeye na wanawe hawana pa kurudi.

Daktari Joachim wa mjini, anayempa dawa ya presha, hakuwa amemficha.

"Figo zako zina makovu, mama. Figo yenye kovu inaona damu haiifikii, inaachia homoni ya kubana mishipa ili presha ipande. Presha ikipanda inaijeruhi figo hiyohiyo, kovu linaongezeka, nayo inadai presha zaidi. Kidonge hiki kinaizuia homoni. Usikiache."

"Kinanikohoza, daktari."

"Najua. Kiko kingine kisichokohoza, lakini hapa hatuna. Labda Dar, kwa bei ya watu wa Dar."

Aliwahi kukiacha. Kikohozi kikaisha, miguu ikavimba mpaka buti zikakataa kuingia. Akarudia kumeza. Alichoka, na hakuwa na wa kumlalamikia.

Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, mama," alisema nesi Linda.

"Marahaba, mwanangu."

Nesi akamfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza.

"Presha yako nzuri kabisa."

Cosmas, nyapara wao, alikuwa amesimama mlangoni. Akaitikia kwa kichwa kuridhika. Mwaija akashusha pumzi, na hapo ndipo kikohozi kilipopata njia. Kilimkunja mpaka akashika meza.

Cosmas akarudi nyuma hatua. "Hicho cha tangu lini?"

"Vumbi tu, bosi."

"Vumbi gani, na jana kutwa mvua?"

Linda akamwinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kuna dawa ya presha inakohoza hivyohivyo. Kama unaitumia niambie, niandike kwamba si kifua kikuu."

Alisema kwa wema, mtoto wa watu. Mwaija aliona afadhali angemtukana.

Lakini Cosmas alikuwa amesikia. "Haya, tuambie. Ni kifua au ni presha?"

Mwaija akageuka nyuma. Foleni nzima ilikuwa imeshampisha, watu wameziba pua kwa kanga na viganja. Bimdogo, jirani yake wa kambini, anayemeza kidonge hichohicho kutoka kwa daktari huyohuyo, alikuwa amesogea pamoja nao. Ushungi ameujaza mdomoni kukibana kikohozi chake, macho yamemtoka, na mabega yanamtikisika bila sauti.

"Nakusubiri wewe," alisema Cosmas. "Wenzako wanataka kupimwa."