Ukuta wa Robofainali

Komeo alilisikia neno hilo kwanza kwa kinyozi wake, mtu ambaye siku zote humnyoa kwa maneno mengi kuliko wembe. Siku hiyo alinyoa kimya, akamaliza, akakung'uta kitambaa, ndipo akauliza, huku akitazama ukutani, kama ni kweli kipa ameuza mechi.

Kuuza mechi! Miaka yote aliyokaa golini, vidole vimevunjika na kuungwa mpaka pete ya ndoa haiingii tena, leo anaulizwa kama kauza mechi. Jina lenyewe la Komeo alipewa na mashabiki hao hao, kwa kuwa mpira ukifika kwake mlango umefungwa. Alitoka kwa kinyozi akichechemea kwa magongo yake mawili, na hasira ikamfanya asahau kwamba nusu ya kichwa ilikuwa bado haijapakwa spiriti.

Ukweli wake ulikuwa hivi, na haukuwa na fumbo lolote. Klabu ilikuwa haijawahi kufika robofainali ya mashindano ya bara, na sasa ilikuwa imebakiza mpinzani mmoja tu. Nyumbani walishinda bao moja kwa bila. Marudiano ugenini walihitaji sare tu, na sare kwa timu yenye Komeo golini si jambo la kuombea dua. Basi likafika uwanjani, lango la wachezaji liko wazi, askari anawapungia mkono waingie. Hapo simu ya katibu wa klabu ikalia.

Katibu alisikiliza, akaitikia naam nyingi, kisha akasimama kwenye ngazi ya basi na kutangaza kwamba mtaalamu wao, mganga wa klabu, ameona pale langoni pamechafuliwa na wenyeji. Hakuna atakayepita. Wataruka ukuta wa nyuma, mmoja mmoja, na kila mtu akitua atangulize mguu wa kulia.

Komeo alimgeukia kocha. Kocha, msomi mwenye vyeti vya kufunika meza, akawa anatazama dirishani kana kwamba huko nje kuna mechi nyingine. Nahodha, ambaye ni kaka wa mke wa Komeo, akamgusa goti akamwomba asianze ukorofi wake, mpira uko mbele, afunike kombe mwanaharamu apite. Komeo akafunika. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko kifundo chake cha mguu.

Basi watu wazima, wenye wake na watoto, wakapanda juu ya mapipa ya taka na kuruka ukuta kama vibaka. Askari wa langoni walikuja kutazama, wengine wameshika mbavu kwa kucheka. Zamu ya Komeo ilipofika aliruka kama arukavyo kila siku, kushoto mbele, maana mwili wa kipa una mazoea yake. Akiwa hewani akamsikia katibu akifoka kutoka juu ya pipa, "Kulia!" Akajaribu kubadilisha. Akatua si kwa kushoto wala kwa kulia, akatua kwa kifundo.

Kikavimba kabla hajavaa glovu. Akaingia kipa wa akiba, ambaye msimu mzima alikuwa ameota jua benchi, na wakafungwa mawili bila. Safari ikaishia hapo. Kwenye uwanja wa ndege waandishi walipomzonga katibu kumuuliza kipa alikuwa wapi, alijibu kwamba kipa aligoma kucheza kwa sababu anazozijua mwenyewe. Hakuongeza neno, wala hakuhitaji kuongeza. Watu walijijazia wenyewe, na kujaza watu hawashindwi.

Klabu ilimtumia ujumbe anyamaze, siri ya ndani haitolewi nje. Angenyamaza pengine, kwa ajili ya shemeji yake. Lakini mke wake alirudi kutoka sokoni na vitambaa vyake vyote, havijapungua hata kimoja, kwa sababu wateja wa siku zote walipita kwenye meza yake kama wanapita kaburini.

"Nilikuvumilia ukiwa hupo Jumapili zote," alimwambia. "Wanangu kuitwa watoto wa msaliti sitavumilia. Nenda kaseme."

Akaenda kusema. Ukumbi wa klabu ulikuwa umejaa wanachama, wengine wamekaa madirishani, na agenda ilikuwa moja tu, kumfukuza. Katibu alikuwa meza kuu, mikono imelala juu ya tumbo, mtu aliyeshiba na asiye na deni la mtu. Komeo alisimama kwa gongo moja na kueleza yote: simu, ukuta, mapipa, kelele ile ya "Kulia!" Alijua watabisha. Aliwaomba wachezaji wenzake wathibitishe, na wote, nahodha akiwemo, wakavitazama viatu vyao. Watu aliowafichia makosa yao kwa mwili wake, leo wanasoma viatu!

Ila hakuna aliyebisha. Fundi viatu mmoja, mwanachama wa siku nyingi ambaye hakosi mechi hata ya mazoezi, alinyanyuka akasema kwa upole kwamba wanamwamini, tena neno kwa neno.

"Sasa tuambie, mwanangu," akasema. "Ukutani pale, ulitanguliza mguu gani?"

Komeo akatazama uso baada ya uso akaona kwamba hawatanii. Hawakumkasirikia katibu, wala mtaalamu, wala kocha na vyeti vyake. Alikuwa amejiandaa kwa watu wasioamini. Hawa wameamini kila kitu. Angesema kulia, lawama ingemwondokea, angetoka pale akishangiliwa kama mbeba kikombe. Nahodha alikuwa ameinua macho sasa, akimwashiria kwa kichwa taratibu, akimsihi aseme kulia.

"Kushoto," Komeo akasema. "Na ningerudi tena pale ningetanguliza kushoto."

Mikono ya kumfukuza ikainuka. Wa shemeji yake ulichelewa, ukafika usawa wa bega, ukakaa hapo hapo.

Nahodha alimfuata nje, akamkimbilia kwenye ngazi, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa yeye. "Shemeji, si ungesema tu kulia? Yangekwisha."

Komeo alitafuta tusi la kumpa na akakosa linalomtosha.

"Tangulia wewe nyumbani," akasema. "Kamwambie dada yako nimefukuzwa kwa sababu ya mguu wa kushoto. Mwangalie usoni ukimwambia. Akikuuliza wewe ulisema nini, mjibu."

Nahodha alibaki amesimama pale kwenye ngazi. Mashabiki wakawa wanampita pembeni, wengine wakimpa mkono na kumtakia heri ya msimu ujao, naye akaupokea kila mkono bila kwenda popote.