Siku Printa ya Saliha Ilipogoma

Hamimu alikuwa amelala chali chini ya lori, spana mkononi, aliposikia akiitwa kutoka ng'ambo ya ukuta. Sauti hiyo aliijua hata katikati ya ngurumo za injini tatu. Ilikuwa ya Saliha, mjane mwenye sekretariati, yaani kile kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi kilichopakana na gereji yake hapo mtaani Buyenzi.

"Fundi Hamimu! Njoo, tafadhali! Mashine imenigomea!"

Alichomoka chini ya lori haraka kuliko kawaida ya mtu wa miaka hamsini na minane, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaenda. Hamimu alikuwa fundi wa dizeli. Mambo ya kompyuta hakuyajua. Lakini mwaka juzi feni ya kompyuta ile kuukuu ilipoanza kulia kama paka, aliitia tone moja la oili ikanyamaza, na tangu hapo Saliha alimwona ndiye daktari wake. Naye hakumsahihisha. Mkewe alikuwa amefariki mwaka wa sita sasa, na kila mwito wa upande ule wa ukuta ulimpendeza.

Ndani alimkuta mteja amesimama, mikono kichwani. Alikuwa Médiatrice, kiongozi wa kwaya kutoka mtaa wa Cibitoke. Mdogo wake, Joëlla, alikuwa anaolewa saa nane mchana siku hiyohiyo. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro robo, na karatasi themanini za nyimbo zilizotakiwa kanisani hazijatoka hata moja.

"Nimeizima, nimeiwasha," Saliha alisema. "Karatasi iko, wino uko, taa ya printa ni kijani. Nabonyeza, inanyamaza tu. Tangu asubuhi!"

"Si umpe hizo nyimbo kwa clé ya USB, apeleke kwa jirani?" Hamimu alishauri.

"Kwa jirani gani? Ng'ambo yote ya barabara haina umeme tangu alfajiri. Kuna sisi tu."

Saliha akavaa miwani, akafungua kwenye kioo cha kompyuta orodha ya kazi zilizokuwa zikisubiri kuchapwa. Hamimu akainama nyuma ya bega lake kutazama. Kulikuwa na nyimbo za harusi, zilizotumwa mara tano. Juu yake kulikuwa na maombi ya kazi ya mtu mmoja. Na juu kabisa, ya kwanza kwenye foleni, ilikuwa karatasi isiyo na jina: Document 1.

Hamimu aliijua.

Jana jioni Saliha alikwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, akamwomba Hamimu amlindie kiduka. Hamimu aliketi mbele ya kompyuta, na kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, akaandika maneno aliyokuwa ameyabeba kifuani kwa miaka miwili. Alipobonyeza ili yachapwe, printa haikujibu. Fundi ni fundi: alidhani tatizo ni waya, akauchomoa nyuma ya kompyuta na kuuchomeka kwenye tundu jingine. Kimya. Baadaye aliona kwamba printa ilikuwa imezimwa kwenye swichi yake, lakini wakati huo kandambili za Saliha zilishasikika mlangoni. Alifunga kila kitu bila kuhifadhi, akaamini kwamba maneno yake yamepotea hewani. Kumbe hayakupotea. Yalikuwa yamekaa humo yakingoja zamu yao.

"Hii Document 1 ni ya nani?" Saliha aliuliza.

"Futa," Hamimu alisema upesi. "Futa zote, uanze upya. Hata injini ikijaa uchafu tunaisafisha kwanza."

"Apana! Yule mutu wa maombi ya kazi alichapa mwenyewe na hakuhifadhi. Nikifuta, nitamuambia nini? Ngoja nimpigie Lubna."

Lubna alikuwa bintiye, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba mtaa wa Mutanga Sud. Saliha aliweka simu mezani na kufungua spika, na sauti ya binti ikajaa kidukani.

"Maman, fungua pale printa zinapoonekana. Unaona ngapi?"

"Tuko na moja tu, mwanangu."

"Mezani iko moja. Kwenye kioo unaona ngapi?"

Saliha akasogeza uso. "Ajabu! Ziko mbili, jina moja. Hii ya pili imeandikwa Copie 1. Na ile ya kwanza imefifia, inasema hors connexion, eti haijaunganishwa."

Lubna akacheka. "Basi si ugonjwa. Ile kompyuta ni mzee, inakumbuka tundu la waya. Ukibadilisha tundu inafikiri umeleta printa mpya. Wewe unatuma kazi kwa ile ya zamani, na ile ya zamani haiko na waya. Maman, nani amegusa waya?"

"Hakuna mutu. Mi sijagusa."

"Basi kuna mutu amegusa. Mwambie arudishe pale ulikuwa, zote zitatoka."

Zote zitatoka! Hamimu alitazama kiatu chake. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na matundu sita, na aliyejua lililo sahihi alikuwa mmoja tu. Angeweza kukaa kimya. Médiatrice alikuwa amekaa kwenye ngazi sasa, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mama yetu alikufa mbele ya kuiona hii siku," alisema, kama anayeongea peke yake. "Mi ndiye nilimulea Joëlla. Nilimuambia, kanisa yote itaimba."

Hamimu akavuta pumzi. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

"Ni mimi," alisema.

Saliha akageuka. "Wewe nini?"

"Mi ndiye niligusa waya, Mama Lubna. Jana."

"Ulikuwa unatafuta nini huko?"

"Nilikuwa naandika."

Hakungoja swali lingine. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza mpaka mabegani, akauchomoa waya na kuurudisha kwenye tundu la chini kushoto. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha printa ikakohoa, ikavuta pumzi, ikanguruma.

"Inatoka!" Médiatrice alipiga kelele, akaruka kutoka kwenye ngazi.

Hamimu alibaki chini ya meza. Aliona miguu ya Saliha ikisogea kwenye printa, halafu ikatulia. Alihesabu moyoni mpaka ishirini.

"Maman?" Lubna aliita kwenye simu. "Imetoka? Ameandika nini?"

Saliha akasoma kwa sauti, taratibu:

"Mama Lubna, salamu. Mi si mutu wa maneno mengi. Injini ikiharibika naisikia, lakini moio wangu umeharibika miaka miwili na nimejifanya kiziwi. Ukicheka huko kwako, mi naacha kazi nisikilize. Kama uko huru, na mi niko huru, ningependa nikusikilize karibu. Hamimu."

Lubna akapiga yowe la furaha mpaka spika ikakwaruza, na Médiatrice, aliyekuwa akilia dakika mbili zilizopita, akapiga vigelegele vilivyowatoa mafundi wote gerejini wakaja kuchungulia.

"Toka huko chini," Saliha alisema.

Hamimu akatoka, vumbi kwenye ovaroli ya kazi, uso umeiva kwa haya. Saliha hakumtazama. Alikuwa ameinamia karatasi na kalamu nyekundu, kama afanyavyo kwa barua ya mteja yeyote. Akampa.

"Moyo unaandikwa kwa y, Hamimu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kutanguliza "Fundi". "Sahihisha, halafu uipeleke kwa kaka yangu Djibril. Mi nina wakubwa wangu, siposwi na printa."

Alipoinua macho, yalikuwa yamejaa kicheko.

Nyimbo zilianza kumwagika, moja baada ya nyingine, na hapakuwa na muda wa aibu. Hamimu alikunja karatasi za nyimbo na mafundi wake wakakunja, na saa sita na nusu Médiatrice alipanda pikipiki, bahasha ya nyimbo themanini kifuani, akipunga mkono na kuimba tayari.

Jumapili baada ya alasiri Hamimu alivaa kanzu nyeupe, akaenda dukani kwa Djibril, muuza vipuri. Djibril aliisoma barua mara mbili.

"Mi nazijua barua zako za kuagiza vipuri," alisema. "Haziko safi hivi. Nani alikusahihishia?"

"Yeye mwenyewe," Hamimu alijibu.

Djibril alicheka mpaka akashika kaunta. "Basi mi nitauliza nini tena?" alisema, akamsogezea kiti na kuita kahawa, vikombe viwili.