Ng'ombe wa Mzee Andongwisye

Kitendawili, wewe uliyekaa hapo: nilimpikia miaka ishirini, na uso wake siujui. Ni nani huyo? Usikimbilie kujibu. Kaa nacho, njiani kitajitegua chenyewe.

Alinanuswe hakukusudia kutoroka. Siku ile, kwenye shamba la gereza, walikuwa wamebeba pipa la maji na mfungwa mwenzake, Fausta. Mti ulikuwa mmoja mabegani, Fausta mbele, yeye nyuma. Mvua ya mawe ikashuka. Askari wakakimbilia kibandani, Fausta akakimbilia porini, na Alinanuswe akafuata, mti ungali begani! Walipotua pipa maji yote yalikuwa yamemwagika, na gereza halionekani.

"Haya, bamayo," Fausta akasema akihema. Alikuwa mtu wa kijiji cha Mpemba, karibu na Tunduma, na sokoni alizoea kumwita kila mama hivyo, kama Wazambia. "Ukirudi sasa watakuongezea kifungo. Tembea."

Wakatembea. Hawakufanana kwa lolote. Fausta alifungwa kwa kuvusha mpakani mikorogo ya kujichubua ngozi. Tunduma nzima ilimjua, kwa hiyo alitaka kuvuka mto Songwe aingie Malawi, lakini milima ya Ileje hakuijua. Alinanuswe aliijua yote, ila kudanganya watu hakuweza. Basi mmoja akawa mdomo, mwingine miguu. Fausta alibisha hodi kwa watu gizani, sare isionekane, akalia kwamba wanatoka msibani na gari limewaharibikia, wakapewa viazi na kanga mbili kuukuu. Sare za gereza wakazifukia.

Walilala mgongo kwa mgongo kwa sababu ya baridi, na bado kila mmoja alikuwa peke yake. Alinanuswe alitazama moshi wa nyumba za watu ng'ambo ya bonde, akafikiri: huko kote hakuna sufuria moja inayoningoja mimi.

"Hivi lile ghala la shemeji yako," Fausta akauliza siku ya tatu, "ulilichoma au hukulichoma?"

Alinanuswe akaendelea kumenya kiazi.

Hakimu naye alimwuliza hivyohivyo, mara tatu. Lakini kwenye benchi la mbele alikaa baba mkwe wake, Mzee Andongwisye. Na Alinanuswe alilelewa kwa mila za zamani za Wandali: mwanamke hamtazami baba mkwe, hasemi mkwe akamsikia, akimwona njiani anaacha njia, na mkwe naye hamsemeshi. Basi alijifunika kanga usoni, akanyamaza. Hakimu akaona mtu asiye na la kujitetea. Miaka saba.

"Na huko Isongole kwenu unafuata nini? Si ndiko watakakoanza kututafuta?"

"Nataka yule mzee ajue. Basi. Halafu wanikamate."

"Ajue nini?"

Alinanuswe akajitwika kanga, akashika njia.

Siku ya nne, mchana, ukungu umefunika migomba ya Isongole, mzee mmoja akatokea njiani akivuta ng'ombe. Alinanuswe hata hakufikiri. Aliruka pembeni, akachutama nyuma ya mgomba, mgongo njiani, kanga kichwani.

"Bamayo!" Fausta akanong'ona. "Msafiri gani anajificha hivyo? Umetuuza!"

Kweli. Mzee alisimama. Wakwe wa siku hizi wanainamisha kichwa kidogo na kupita. Aliyemwachia njia namna ile alikuwa mmoja tu. Polepole mzee akaugeuzia mgomba mgongo, akamshika ng'ombe pembe.

"Ng'ombe wangu," akasema, "nyumbani kuna askari wawili, tangu jana wanakunywa chai yangu. Usipite kule. Kivuko cha chini, penye mianzi, hakina mtu."

"Tumeshapewa njia," Fausta akanong'ona. "Twende!"

Mzee hakuondoka.

"Ng'ombe wangu, tangu uende, uji napika mwenyewe na kila siku unaungua. Yesaya mwanangu ananiambia ghala lake ulilichoma wewe. Nauuliza ukuta mwaka wa pili huu, ukuta haujibu. Ni wewe?"

Ng'ombe akatafuna. Ukungu ukapita.

"Nikujibie?" Fausta akasema. "Mimi hapa sina mkwe."

Alinanuswe akatikisa kichwa. Akichungulia nyuma chini ya pindo la kanga, aliiona miguu ya mzee tu. Miaka ishirini alimwekea chakula mlangoni akaondoka, na alichomjua ni miguu ile. Buti la kushoto lilikuwa limepasuka. Nani angelishona?

Mzee alingoja. Kisha akavuta kamba, ng'ombe akapiga hatua, ya pili, ya tatu.

Fausta alikuwa ameshashika njia ya mtoni. Akasimama, akatazama nyuma, akakaa juu ya jiwe.

"Haya," akasema. "Nakungoja. Peke yangu siendi."

Alinanuswe akainuka. Hakugeuka. Mgongo wake ukiwa umeelekea mgongo wa mzee, akaishusha kanga mdomoni.

"Si mimi, baba."