Kovu la Wifi Tabeis

Wifi yangu Tabeis alikuwa mbishi tangu zamani, na alipoanza kusali na Wakristo ndipo akazidi. Kaisari akaamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu, ale nyama yake mbele ya karani, apewe cheti. Asiye na cheti, kifo. Tabeis akasema yeye hali nyama hiyo. Sasa mimi ningesaga ngano na nani?

Nikajitanda ushungi, nikajichora kovu la masizi juu ya jicho kama lake, nikaenda. Karani Petesuko akaandika: "Tabeis, miaka hamsini, kovu juu ya jicho la kulia." Nikala. Yangu nilikuwa nimeshakula jana yake, na niseme kweli, hii ya wizi ilikuwa tamu zaidi.

Unadhani alishukuru? Alikibeba cheti mpaka kwa karani, mimi nyuma namvuta nguo.

"Baba, hiki si changu. Mimi sijala."

"Umekula, mama. Nimekuona. Ukaomba na mchuzi."

"Aliyeomba mchuzi anajijua."

Petesuko akanitupia jicho, akashusha sauti. "Mama, nenda nyumbani. Nina foleni hapa."

"Tazama kovu kwanza."

Akatazama, akasoma cheti, akatazama tena. Lake lilikuwa juu ya jicho la kushoto. Foleni nzima ikacheka. Nami nilitamani ardhi inimeze. Miaka ishirini tumesaga pamoja uso kwa uso, na kovu lile siku zote liko upande wa mkono wangu wa kulia. Ningejuaje?

Petesuko, maskini, akakata kinyama kama ukucha. "Lamba tu, mama, nirekebishe hapa."

"Nimeshiba, baba."

Askari wakamshika. Nililia, nikamtukana yeye na ukoo wake wote, ukoo wa mume wangu huo. Akageuka.

"Wifi, wewe hata kudanganya hujui. Dengu ziko motoni, usiziunguze."

Niliziunguza. Walimuua siku ya tatu, na wanasema hata mnyongaji alibishana naye.

Cheti ninacho. Kinasema wifi yangu ni mtiifu, amekula, hana kosa. Huwa nakiweka kando ya jiwe la kusagia. Nasaga peke yangu siku hizi, na nikiinua uso natazama kwanza upande wa kulia.