Kikapu Kilichonyooka Mno

Vidole vya Rula vilikuwa ndani ya beseni la ukindu uliolowekwa, maji yakimchoma penye nyufa za ngozi, Meneja alipokitua kikapu mbele yake kama mtu anayerudisha chungu kilichotoboka. Kilikuwa kikapu chake. Alikijua kama mama ajuavyo kisogo cha mwanawe.

"Kimerudishwa," Meneja alisema. "Wateja wanasema hiki ni cha mashine."

Wasusi wenzake waliangua kicheko. Jina la Rula walimpa wao, kwa jinsi ukili wake, mkanda wa majani yaliyosukwa, ulivyonyooka. Sasa sifa imegeuka mashtaka. Meneja, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likaogopa kukunjika, alieleza kwa upole kwamba mteja wa mbali akilipia kazi ya mkono anataka auone huo mkono. Anataka kasoro. Ndogo, yenye haiba. Kijino, aliyekaa mkeka mmoja na Rula na ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alisema kama kasoro ndiyo inayouzika, yeye ana mume nyumbani, wakamchukue leo leo. Hata Meneja alicheka. Kisha akaacha kucheka, akamwambia Rula alete kikapu cha majaribio kesho kutwa asubuhi, chenye kosa.

"Nikishindwa?"

"Kuna binti amekuja kuomba kazi. Huyo hajui kusuka vizuri, kwa hiyo hana shida."

Nafasi ya mkekani ndiyo iliyokuja na chumba cha nyuma ya stoo, na chumbani humo alikuwemo mama mkwe wake, macho yamekwisha, na mwana aliyepaswa kumlea keshatangulia udongoni. Wawili hao walibaki kama kinu na mchi: cha kutwanga hakipo, lakini hawaachani.

Kumbe kukosea nako kuna ufundi wake. Rula akipitisha jani juu palipotakiwa chini, kidole kinachofuata kinalirudisha kabla hajajua. Mkono ulikuwa na adabu kuliko mwenyewe. Ilimbidi asite kila anapovusha jani, alitazame, alilazimishe kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Ukili ambao angeumaliza huku akipiga soga ulimla asubuhi nzima. Alipomweleza Meneja kwamba kosa linakula muda kuliko usahihi, alijibiwa kwamba kampuni hununua kikapu, hainunui muda. Akaongezewa na sharti: kosa likae kwenye ukili wa mwisho, chini ya mdomo, upana wa kidole gumba, na vikapu vyote vifanane. Msimamizi atapita na kipimo kuhakikisha.

"Kwa hiyo nikikosea hilo kosa?" Rula aliuliza.

"Kitarudishwa."

Siku ya pili kikapu kilikamilika, kimepinda mahali palipoamriwa. Alikitazama, hakusikia kitu. Hata aibu haikuja. Alikiweka juu ya kitanda chumbani, akaenda kwenye foleni ya maji, na foleni ilikuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kusuka. Enzi zake, ukili uliopinda ulifumuliwa mbele ya watu na aliyeusuka alichapwa vidole. Sasa, akipapasa kitandani kutafuta leso yake, mikono ikakutana na kikapu. Ikakizunguka, ikafika chini ya mdomo, ikasimama.

Rula aliporudi na ndoo kichwani, bibi alikuwa sakafuni, sindano mkononi, akikata uzi kwa meno yaliyobaki. Ukili wa juu ulikuwa umefumuliwa, umesukwa upya, umeshonwa. Umenyooka kama kamba ya fundi mwashi.

"Ni uchovu tu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. "Kila mtu hukosea. Nimekusitiri."

Rula aliitua ndoo. Ukindu uliobaki bibi alikuwa ameumaliza wote, na stoo ilikuwa imefungwa mpaka kesho. Majani yale yaliyokwisha kusukwa mara mbili, ukiyafumua tena yanakatika.

"Ahsante, mama," alisema.

Asubuhi Meneja alikizungusha kikapu mikononi, akamwita msimamizi, msimamizi akaweka kipimo chake, akatikisa kichwa. Rula alieleza yaliyotokea. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa mstaarabu; hata akasema habari kama hiyo ingewagusa sana wateja, akamwomba asimame na kikapu apigwe picha. Alisimama. Akaambiwa atabasamu kidogo. Alitabasamu. Kisha akaombwa ufunguo wa chumba.

Mchana walikuwa wamekaa nje, juu ya mzigo wao. Kijino alipita na kuinamisha kichwa, hana hata utani mmoja.

"Wamekipenda?" bibi aliuliza.

"Wamekipenda sana, mama. Wamekipiga na picha."

"Wangekionaje kile chenye kilema? Sasa mbona tumekaa nje?"

Rula aliutazama mlango. Binti mgeni alikuwa akiingiza godoro lake, limegoma kupita, analisukuma kwa goti.

"Wanapaka chumba rangi."

Bibi alifurahi. Alisema ilikuwa haki yao siku nyingi, ule ukuta ulikuwa ukimmwagikia unga usoni akilala. Halafu akainua pua, akavuta hewa taratibu, akavuta tena.

"Mbona sisikii harufu ya rangi?"