Viatu vya Mtani

Katika Likasi yote, kutoka Shituru mpaka njia ya Kambove, hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema neno moja la maana. Sijisifu, nasema tu. Hata kwenye kitubio, padri hucheka kwanza ndipo anipe Salamu Maria zangu. Vita vilipofunga shule tukiwa mwaka wa nne wa sekondari, wenzangu walilia. Mimi nilisema afadhali, hata hesabu zimepata uhuru.

Damas alikuwa rafiki yangu, tena mtani wangu. Ukoo wake ni wa Mvua, wangu wa Udongo, na Mvua na Udongo wametaniana tangu mababu. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anaingia nyumbani mwako, anabeba anachotaka, na kazi yako ni moja: kupiga kelele za mwizi mpaka majirani watoke, mfukuzane, mcheke, arudishe. Hata msibani ana kazi. Mwaka jana kaka yake Damas, Germain, alipouawa vitani akiwa jandarme, askari wa Katanga, ni mimi niliyevaa kofia ya marehemu nikapiga maguu kama askari mbele ya waliaji. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Damas naye alicheka. Nikadhani kazi imekwisha.

Kumbe tangu siku ile hakuwa akilala. Alikonda, akaacha mpira, nami nikambatiza Bundi. Mji mzima ulikuwa umechoka, kwa ndege za vita, kwa foleni za unga, kwa habari za redio. Nani angepima uchovu wa mtu mmoja?

Jumamosi moja mchana niliingia chumbani kwake nikakamata viatu vyake vya Jumapili.

"Weye Mvua ya bule, hata kikombe haujazi! Viatu vinaenda kwa Udongo!"

Damas alikuwa ameketi kitandani. Hakuinuka.

"Beba," alisema. "Na koti beba. Itakukaa muzuri."

Nilibeba vyote, nikazunguka nyuma ya nyumba nikiringa. Dada yake mkubwa, Élise, alikuwa anakaanga mikate ya kuuza.

"Dada, leo nimemushinda! Mvua amenyamaza!"

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. "Hakupiga kelele?"

"Hata kidogo. Na koti akaniongeza."

"Jana alinipa saa ya Germain," alisema polepole. "Jean, mudogo yetu, alipewa vitabu vyote. Evariste, muntu anayegawa vitu vyake vyote, iko naenda wapi?"

Nilikuwa na utani mwingine mdomoni tayari. Ukabaki hukohuko.

Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikaketi sakafuni na viatu mapajani.

"Damas. Uko nawaza kujiua?"

Kwetu swali hilo haliulizwi. Watu husema ukilitaja jambo, unaliita. Nililitaja. Treni ya madini ilipita yote, behewa kwa behewa, ndipo akajibu.

"Ndiyo. Minye nachoka, Evariste. Si juu ya Germain peke. Ni yote. Naamka asubuhi, nimeshachoka."

Nilichomwambia baada ya hapo si cha kuandika. Wekeni tu kwamba nilimtania.

Kisha tulikwenda pamoja kwa Théodore, muuguzi wa zahanati. Hakumgombeza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatuambia: asiachwe peke yake, asihubiriwe, na kila Jumatatu na Alhamisi aje kwake wazungumze. Jioni tulimwambia mama yao. Alilia, akajifuta kwa kitenge, akapanga zamu.

Zamu zangu zilikuwa za mchana. Tulitembea mpaka kwenye reli na kurudi, bila neno. Kuna siku alikuwa afadhali, na kesho yake vibaya kuliko mwanzo. Wiki ya tatu utani wangu ulikauka kabisa, nikawa naketi tu, magoti yakiniuma, nikimenya karanga. Damas alizitafuna. Sikujua kwamba kuketi nako ni kazi, na inachosha kuliko kubeba magunia.

Mvua za kwanza zilipoanza, nilivikamata tena vile viatu, ambavyo nilikuwa nimevirudisha zamani. Nikafika mlangoni, nikangoja. Halafu sauti ikatoka ndani, imekwaruza:

"Mwizi! Udongo mwizi huyu! Leta viatu, kichwa ya mbuzi!"

Hakunifukuza. Hakuwa na nguvu, na bado hajapona. Théodore anasema ni safari ndefu. Lakini majirani walitoka.

Walikusanyika kwenye sufuria ya Élise, nami nikapata hadhira. Nikawaeleza jinsi utani wangu ulivyomshika Damas asiende.

"Utani peke! Neno la maana, hata moja sikumwambia."

Élise aligeuza mikate.

"Ule mchana," alisema, "nilikuwa nasimama hapa, naogopa kuingia. Ukuta ni huu." Akabana pua, akatoa sauti yangu: "'Damas, mukubwa wangu, tafazali. Niko naogopa. Kama weye hauko, nitatania nani?' Ulilia sawa mutoto, Evariste, mpaka mikate yangu ikaungua."

Macho yote yakanigeukia.

"Ilikuwa moshi ya mafuta," nilisema.

"Moshi?" Damas alikuwa amesimama mlangoni kwa soksi, mkono umenyooshwa kudai viatu vyake. "Minye nilikuwa ndani. Hakukuwa moshi."